YEREMIA WA ANATHOTHI: MAISHA YA NABII NA LUGHA YA ISHARA

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuzichambua tamathali za usemi zikiwa zimetulia karatasini. Tunaitafuta jazanda, tunaipa jina, tunaeleza inaashiria nini, kisha tunafungua ukurasa unaofuata. Ni nadra kujiuliza jazanda hiyo ilimgharimu nini yule aliyeitoa. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu ambaye swali hilo haliepukiki kwake. Yeremia mwana wa Hilkia, nabii wa Yuda aliyeishi mwishoni mwa karne ya saba na mwanzoni mwa karne ya sita kabla ya Kristo, alitangaza hukumu ya Mungu juu ya taifa lake kwa zaidi ya miaka arubaini. Sehemu kubwa ya tangazo hilo hakuitoa kwa maneno matupu. Aliitoa kwa vitu vinavyoshikika: mshipi, gudulia, tini, nira, hati ya shamba na mawe.

Manabii wa Kiebrania waliitumia lugha ya ishara kwa wingi. Isaya alitembea uchi na bila viatu, Hosea akaifanya ndoa yake kuwa funzo, naye Ezekieli akauchora mji juu ya tofali na kuuzingira. Hata hivyo, ni katika maisha ya Yeremia ambamo tatizo la lugha hii linajitokeza waziwazi zaidi. Manabii wawili wanaposimama mbele ya hadhira moja, kila mmoja na ishara yake, msikilizaji atajuaje ipi ni ya kweli? Kwa wakazi wa Yerusalemu wa wakati ule swali hilo lilikuwa la kufa na kupona, kwani jibu lake ndilo lililoamua kama mji ungesalimu amri au ungepigana.

Ikumbukwe kwamba habari nyingi za nabii huyu zinatokana na kitabu kinachoitwa kwa jina lake, chenye sura 52. Kitabu hicho kina historia ndefu ya uhariri. Tafsiri yake ya kale ya Kiyunani ni fupi kuliko matini ya Kiebrania tunayoisoma leo kwa takribani sehemu moja ya nane, na mpangilio wa sura zake ni tofauti. Vipande vilivyopatikana Qumrani karibu na Bahari ya Chumvi vinaonyesha kwamba matini zote mbili, fupi na ndefu, zilikuwako kwa Kiebrania. Licha ya tofauti hizo, sura ya mtu mwenyewe haipotei.

Malezi na wito

Yeremia alizaliwa Anathothi, kijiji cha makuhani katika nchi ya Benyamini, mwendo wa kilomita tano hivi kaskazini mashariki mwa Yerusalemu. Kijiji hicho kilikuwa na kovu la kihistoria. Ndiko Mfalme Sulemani alikomfukuzia kuhani Abiathari baada ya kumwondoa katika ukuhani. Yamkini ukoo wa Yeremia ulitokana na kuhani huyo. Ikiwa ndivyo, basi alikulia miongoni mwa watu waliolijua hekalu kwa karibu lakini wasiokuwa na usemi ndani yake.

Wito wake ulimjia mwaka wa 13 wa utawala wa Mfalme Yosia, yaani mwaka wa 627 K.K. Alijitetea kwamba hajui kunena kwa sababu ya ujana wake, lakini udhuru huo haukukubaliwa. Mwanzoni mwa kazi hiyo alionyeshwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa ufito wa mlozi. Katika Kiebrania mlozi huitwa shaqed, naye anayekesha akiangalia huitwa shoqed. Kutoka kwenye ufito huo nabii alielewa kwamba Mungu yu macho, analilinda neno lake hadi litimie. Mchezo huu wa sauti unashikamana na tabia ya mti wenyewe, kwa kuwa mlozi huchanua mapema kuliko miti mingine ya nchi ile, majira ya baridi yangalipo, kana kwamba haukulala.

Kwa wanaisimu wa Kiswahili mfano huu una mvuto wa pekee. Kiswahili kinapotumia neno mlozi, uhusiano wa sauti baina ya mti na kukesha hupotea kabisa. Isitoshe, neno hilo lina homonimu yake kwetu, kwani mlozi ni mchawi pia, mtu alogaye. Msomaji asiyejihadhari anaweza kudhani kwamba nabii aliona fimbo ya uganga. Hapa tunaona jinsi tafsiri inavyoweza kupoteza maana moja na kuzua nyingine ambayo mwandishi hakuikusudia.

Jambo la pili lilikuwa chungu kinachotokota, kimeinama kutoka upande wa kaskazini. Babeli, adui aliyekuja kuiangamiza Yuda, iko mashariki. Hata hivyo, jangwa lililo baina ya nchi hizo halipitiki na jeshi kubwa, hivyo majeshi ya Mesopotamia yaliupanda mto Frati, yakazunguka kupitia Shamu, na kushuka Yuda yakitokea kaskazini. Taswira hiyo basi iliafiki jiografia ya vita vya wakati huo.

Enzi hizo ulimwengu wa Mashariki ya Kati ulikuwa ukibadilika kwa kasi. Dola ya Ashuru, iliyokuwa imewatawala wengi kwa mabavu, ilikuwa ikiporomoka, na mji wake mkuu Ninawi ulianguka mwaka wa 612 K.K. Nchini Yuda, kitabu cha torati kilipatikana hekaluni mwaka wa 622 K.K., na Yosia akafanya matengenezo makubwa ya ibada. Matumaini yaliyoletwa na matengenezo hayo yalikatika ghafla mwaka wa 609 K.K. mfalme alipouawa Megido na Farao Neko wa Misri.

Udongo mbichi na gudulia lililochomwa

Miongoni mwa ishara za mwanzo ni ile ya mshipi wa kitani. Yeremia alinunua mshipi mpya, akauvaa, kisha akaenda kuuficha katika pango la jabali kwenye mto Frati. Baada ya siku nyingi alirudi kuuchukua, akaukuta umeoza. Wataalamu wamejadili safari hiyo, kwani kwenda Frati na kurudi kungemchukua miezi kadhaa, na wengine wamependekeza kwamba mahali palipokusudiwa ni bonde la Fara lililo karibu na Anathothi, ambalo jina lake linafanana na jina la mto huo katika Kiebrania. Iwe ni Frati au ni Fara, maana ya tendo ni moja. Kitu kilichoumbwa ili kishikamane na mwili wa mwenyewe kilikuwa kimetengwa naye, kikaharibika.

Ishara mbili zinazofuata zinapaswa kusomwa pamoja, nazo zinatoka katika karakana ya mfinyanzi. Katika ya kwanza, Yeremia alishuka nyumbani kwa mfinyanzi, akamtazama akifanya kazi kwenye gurudumu lake. Chombo kilipoharibika mkononi, mfinyanzi hakuutupa udongo. Aliufinya upya, akatengeneza chombo kingine. Nabii alifafanua kwamba hukumu ya Mungu haijafungwa. Taifa likiacha uovu wake, adhabu iliyotangazwa huweza kuondolewa. Likiuacha wema, baraka iliyoahidiwa huweza kuzuiliwa.

Katika ishara ya pili alinunua gudulia la udongo lililokwisha kuchomwa, akawachukua baadhi ya wazee wa watu na wazee wa makuhani hadi bonde la mwana wa Hinomu, mahali ambapo watoto walikuwa wameteketezwa kama sadaka. Hapo akalivunja mbele ya macho yao na kutangaza kwamba taifa na mji vingevunjwa vivyo hivyo, pasipo uwezekano wa kuungwa tena. Kwa mara nyingine sauti inabeba maana. Gudulia la aina hiyo huitwa baqbuq, na kitenzi alichokitumia nabii kueleza kubatilishwa kwa mashauri ya Yuda kinafanana nalo kwa sauti.

Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Hekima iyo hiyo ndiyo inayozitenganisha ishara hizi mbili. Malighafi ni ile ile, udongo, lakini hali yake si moja. Udongo mbichi ni hukumu inayosubiri jibu la binadamu, ilhali gudulia lililopitia tanuri ni hukumu iliyokwisha kuiva. Msomaji anayechukua ishara moja na kuiacha nyingine huishia kumfanya Yeremia ama mhubiri wa matumaini mepesi ama mpiga mbiu ya maangamizi.

Malipo ya ishara ya gudulia yalikuja papo hapo. Pashuri mwana wa Imeri, kuhani aliyesimamia nyumba ya Mungu, aliamuru Yeremia apigwe na kutiwa katika mkatale usiku kucha penye lango la juu la Benyamini. Alipofunguliwa asubuhi, Yeremia alimpa kuhani huyo jina jipya lenye maana ya hofu pande zote.

Maisha yake ya nyumbani nayo yaligeuzwa kuwa ishara. Aliamriwa asioe wala asizae, asiingie katika nyumba ya matanga wala ya karamu, ili upweke wake uwe picha ya nchi isiyo na vilio vya watoto wala nyimbo za arusi. Watu wa kijiji chake mwenyewe walipanga kumuua. Tungo zake za malalamiko, zilizotawanyika katika nusu ya kwanza ya kitabu, zinamwonyesha akimshitaki Mungu kwa kumshawishi na kumwacha awe kichekesho, akiilaani siku aliyozaliwa, na akikiri kwamba alipojaribu kunyamaza ujumbe ulimuunguza kutoka ndani. Katika fasihi ya kinabii ya Kiebrania ni vigumu kupata nafsi nyingine inayojieleza kwa uwazi wa namna hiyo.

Hekalu, gombo na kisu cha mwandishi

Mwanzoni mwa utawala wa Yehoyakimu, mwana wa Yosia, Yeremia alisimama katika ua wa hekalu na kuwaambia waabudu kwamba jengo hilo lisingewaokoa iwapo wangeendelea kuwadhulumu wageni, yatima na wajane. Aliwataka wakumbuke Shilo, mahali pa kale pa ibada palipokuwa pamebaki magofu. Makuhani na manabii walidai auawe. Wazee wa nchi ndio waliomtetea, wakikumbusha kwamba miaka mia moja hivi iliyotangulia nabii Mika alitabiri maangamizi ya Yerusalemu naye Mfalme Hezekia hakumdhuru. Ahikamu mwana wa Shafani alimlinda. Nabii mwingine, Uria mwana wa Shemaya, aliyesema maneno kama hayo, hakuwa na mlinzi. Alikimbilia Misri, akarejeshwa na kuuawa kwa upanga.

Mwaka wa 605 K.K. Wababeli waliwashinda Wamisri huko Karkemishi, na chungu cha kaskazini kikaanza kumwagika. Mwaka huo Yeremia, aliyekuwa amezuiwa kuingia hekaluni, alimwita mwandishi Baruku mwana wa Neria, akamsomea kwa imla mambo yote aliyoyatangaza tangu siku za Yosia. Gombo hilo lilisomwa hadharani mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata, siku ya mfungo, katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani. Kipande cha udongo chenye muhuri wa jina hilo hilo kilifukuliwa mwaka wa 1982 katika Mji wa Daudi, Yerusalemu, na wataalamu wengi wanaamini kuwa ni cha mtu huyo.

Maafisa walioogopa waliwashauri Baruku na Yeremia wajifiche, kisha wakampelekea mfalme habari. Yehoyakimu alikuwa ameketi katika nyumba ya majira ya baridi, seredani ya makaa ikiwaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hadi gombo lote likateketea. Maafisa watatu walimsihi asifanye hivyo, mmoja wao akiwa Gemaria, lakini hakusikia. Ni bayana kwamba mfalme naye alikuwa akitenda ishara. Aliamini kuwa kuliteketeza neno ni kuizuia hukumu. Yeremia alijibu kwa kuchukua gombo jingine, na Baruku akaandika yote upya pamoja na nyongeza nyingi. Tukio hili ni miongoni mwa maelezo machache ya kina kutoka ulimwengu wa kale kuhusu jinsi kitabu kilivyoandikwa, kikasomwa, kikaharibiwa na kuandikwa tena.

Nira ya mti na nira ya chuma

Yerusalemu ilisalimu amri mara ya kwanza mwaka wa 597 K.K. Kumbukumbu za Babeli zilizoandikwa katika vibao vya udongo zinathibitisha kutekwa kwake. Mfalme kijana Yehoyakini alipelekwa uhamishoni pamoja na wakuu na mafundi, na Sedekia akatawazwa mahali pake. Waliobaki walijiona wateule, wakawadharau waliochukuliwa. Yeremia aliipindua dhana hiyo kwa ishara ya vikapu viwili vya tini: tini nzuri zilikuwa watu wa uhamishoni, na tini mbovu zisizolika zilikuwa wale waliobaki mjini. Aliwaandikia wahamishwa barua akiwahimiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuuombea amani mji waliohamishiwa, kwa kuwa kukaa kwao kungekuwa kwa miaka 70.

Takriban mwaka wa 594 K.K. wajumbe wa Edomu, Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni walikutana Yerusalemu kupanga uasi dhidi ya Babeli. Yeremia alitokea amevaa nira shingoni, akawataka wajumbe hao na mfalme wake mwenyewe wajitie chini ya Nebukadneza ili waishi. Hapo ndipo alipojitokeza Hanania mwana wa Azuri, nabii wa Gibeoni. Mbele ya makuhani na watu wote hekaluni, Hanania alitangaza kwamba Mungu ameivunja nira ya Babeli, na kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya hekalu na wahamishwa wote wangerudi. Kisha akaitoa nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja.

Tukitazame kisa hiki kwa jicho la mhakiki. Wote wawili walikuwa manabii, na wote wawili walinena kwa jina la Mungu mmoja. Tena wote walitumia ishara moja kutoka kilimo. Kwa upande wa mvuto, ishara ya Hanania ilikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu kuvunja kunaonekana na kusikika kuliko kuvaa, na aliwapa watu walichotamani kukisikia. Hatuna sababu ya kumdhania kuwa laghai. Huenda alikiamini alichokisema. Aidha, alikuwa na utangulizi wa kuegemea. Zaidi ya miaka mia moja nyuma, Waashuru waliuzingira mji huo nao haukuanguka.

Jibu la Yeremia linastaajabisha. Alisema angependa iwe kama Hanania alivyonena. Akakumbusha kwamba manabii wa kale walizoea kutabiri vita na mabaya, na kwamba anayetabiri amani hujulikana kuwa ametumwa neno lake linapotimia. Kisha akaenda zake. Hakuwa na ishara ya kushinda ile palepale. Baadaye tu ndipo alipoambiwa arudi na tangazo kwamba nira ya mti iliyovunjwa ingefuatwa na nira ya chuma. Hanania alifariki mwezi wa saba wa mwaka huo huo.

Ingekuwa makosa kumwona Yeremia kuwa kibaraka wa Babeli. Mwaka huo wa nne wa Sedekia alimkabidhi Seraya, ndugu ya Baruku aliyekuwa akisafiri kwenda Babeli, gombo lenye maangamizi ya Babeli yenyewe. Seraya aliagizwa alisome, alifunge jiwe, alitupe katikati ya Frati ili lizame kama ambavyo dola hiyo ingezama. Katika kitabu chake Babeli hutajwa pia kwa jina la fumbo, Sheshaki. Jina hilo limeundwa kwa kubadilishana herufi za alfabeti ya Kiebrania, ya kwanza na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, na kuendelea hivyo.

Kuzingirwa na shamba la Anathothi

Sedekia aliasi, na majeshi ya Babeli yakaizingira Yerusalemu kuanzia Januari mwaka wa 588 K.K. Katika dhiki hiyo wakuu waliwaachia huru watumwa wao Waebrania kwa agano. Jeshi la Misri lilipokaribia na Wababeli wakaondoka kwa muda, waliwakamata tena watumwa wale wale. Yeremia aliuhesabu usaliti huo kuwa sababu tosha ya hukumu. Katika kipindi hicho cha nafuu alitoka mjini kwenda nchi ya Benyamini kwa shughuli za urithi, akakamatwa langoni na mlinzi aliyemtuhumu kuwa anajiunga na adui. Alichapwa na kufungwa katika shimo la nyumba ya mwandishi Yonathani. Sedekia, mfalme mwenye moyo wa woga zaidi kuliko ukatili, alimwita kwa siri, akamhamishia katika ua wa walinzi na kuamuru apewe mkate mmoja kila siku kutoka mtaa wa waokaji, mpaka mikate ilipokwisha mjini.

Wakuu wanne walidai auawe kwa kuwa alikuwa akiwavunja moyo askari. Miongoni mwao walikuwa Yukali mwana wa Shelemia na Gedalia mwana wa Pashuri. Mihuri ya udongo yenye majina hayo imefukuliwa Yerusalemu katika miaka ya 2005 na 2008. Walimteremsha kwa kamba ndani ya shimo la Malkiya, ambalo halikuwa na maji ila matope, naye akazama matopeni. Aliyemwokoa hakuwa Myahudi. Alikuwa Ebedmeleki, Mkushi mtumishi wa jumba la mfalme, mtu wa asili ya Afrika katika bonde la Nile ya juu. Alimwendea mfalme hadharani kumlalamikia, akapewa watu wa kumsaidia, kisha akachukua matambara na nguo kuukuu na kumteremshia nabii aziweke chini ya makwapa ili kamba zisimchubue. Katika maisha yaliyojaa ishara kuu za hukumu, matambara hayo ni kumbukumbu ya wema wa mtu mmoja aliyefikiri hata juu ya ngozi ya mfungwa.

Akiwa bado mfungwa katika ua wa walinzi, mwaka wa 587 K.K., Yeremia alitembelewa na binamu yake Hanameli, aliyetaka kumuuzia shamba lililoko Anathothi. Hali ilikuwa ya kejeli. Mji ulikuwa umezingirwa, Anathothi ilikuwa tayari mikononi mwa adui, na mnunuzi hakuwa na mke wala mtoto wa kumrithi. Hata hivyo, alipima shekeli 17 za fedha, uzito usiofikia gramu 200, akatia sahihi mbele ya mashahidi, na kumwagiza Baruku azitie hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Kwa tendo hilo alitangaza kwamba nyumba, mashamba na mizabibu vingenunuliwa tena katika nchi hiyo.

Kwa maoni yetu, hii ndiyo kilele cha ishara zake zote. Wakati watu walipojipa moyo kwa ahadi za Hanania, Yeremia alivaa nira. Sasa, hata wale waliomdhihaki walipokuwa wamekata tamaa, alinunua ardhi. Ishara yake ilikwenda kinyume na hisia za hadhira katika nyakati zote mbili. Nacho chombo cha udongo, ambacho hapo awali kilivunjwa kuashiria mwisho, safari hii kilihifadhi hati.

Kuanguka kwa mji na safari ya Misri

Yerusalemu ilianguka mwaka wa 587 au 586 K.K., na hekalu likateketezwa. Wana wa Sedekia walichinjwa mbele ya macho yake huko Ribla, kisha akapofushwa na kupelekwa Babeli katika minyororo. Nebuzaradani, mkuu wa askari walinzi, alimpa Yeremia hiari ya kwenda Babeli kwa heshima au kubaki. Alichagua kubaki Mispa na mabaki maskini wa nchi, chini ya liwali Gedalia, mwana wa yule Ahikamu aliyemwokoa zamani. Haikuchukua muda Gedalia akauawa na Ishmaeli mwana wa Nethania. Waliosalia, wakihofia kisasi cha Wababeli, walimwomba Yeremia awatafutie neno la Mungu. Baada ya siku kumi aliwaambia wabaki. Walimwita mwongo, wakamchukua yeye na Baruku hadi Misri kinyume na ushauri wake.

Huko Tahpanesi alitenda ishara yake ya mwisho tunayoijua. Alizika mawe makubwa penye ingilio la nyumba ya Farao, kuonyesha mahali ambapo Nebukadneza angesimika kiti chake. Kumbukumbu ya Kibabeli inataja vita vya Nebukadneza dhidi ya Misri mwaka wa 568 K.K.

Hapo Misri alikuwa pia na mjadala wa mwisho na watu wake, kuhusu ibada ya Malkia wa Mbinguni. Wanawake waliokuwa wakifukiza uvumba walimjibu bila haya. Walidai kuwa walipomtolea malkia huyo sadaka walishiba mkate na hawakuona mabaya, na kwamba maafa yalianza walipoacha. Yaani hata baada ya hukumu kutimia kama alivyotabiri, tukio lile lile lilisomwa kwa maana mbili zinazokinzana. Kitabu hakisemi alivyokufa. Mapokeo ya baadaye yanadai kwamba alipigwa mawe na watu wake mwenyewe huko Misri.

Hitimisho

Jina la Yeremia limesafiri mbali. Mapokeo ya Kiyahudi na ya Kikristo yamemhusisha na kitabu cha Maombolezo. Waislamu wanamfahamu kwa jina la Armiya kupitia vitabu vya tafsiri na visa vya mitume, ingawa Kurani Tukufu haimtaji kwa jina.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, maisha yake yanaonyesha kwanza kwamba maana ya ishara haimo katika kitu peke yake. Udongo ulikuwa rehema ulipokuwa mbichi, maangamizi ulipovunjwa, na tumaini ulipotunza hati. Pili, ishara haijithibitishi. Nira iliyovaliwa na nira iliyovunjwa zilikuwa na ufasaha sawa, na Yeremia mwenyewe alilitambua hilo alipoondoka kimya hekaluni. Linaloweza kupimwa mapema ni gharama. Msema kweli hukosa rafiki, na kila ishara ya Yeremia ilimpokonya kitu: ndoa, kijiji, uhuru, na fedha alizozitoa kwa shamba ambalo asingelilima. Ishara ya Hanania ilimletea shangwe. Kigezo hiki hakitoshi kuamua ukweli, kwani hata aliyekosea huweza kuteseka, lakini kinampa msikilizaji mahali pa kuanzia kabla historia haijatoa uamuzi wake.

Historia iliutoa polepole. Babeli ilianguka mbele ya Koreshi wa Uajemi mwaka wa 539 K.K., na wahamishwa wakaanza kurudi. Katika orodha ya waliorejea, iliyohifadhiwa katika kitabu cha Ezra, watu wamehesabiwa kwa vijiji vyao. Anathothi imo, na idadi ya watu wake ni 128.